Mto Ulio Chini ya Ziwa la Mwadingusha

Fungua ramani yoyote ya leo ya jimbo la Haut-Katanga, nchini Kongo. Mashariki mwa Likasi utaona doa la buluu, na ubavuni mwake jina lisilotulia: mchoraji mmoja ameandika Tshangalele, mwingine Changalele, wa tatu Ziwa Lufira, wa nne ameliita kwa jina la kituo cha umeme kilichopo mwishoni mwake, Mwadingusha. Tofauti hizo za majina hazimdhuru mtu. Mvuvi wa Kapolowe, kando ya ziwa, anajua ni maji yaleyale. Lenye madhara ni doa lenyewe. Limezungushiwa mstari mwembamba, safi, kana kwamba maji yanaishia hapa na nchi kavu inaanzia hapa, leo na kesho, masika na kiangazi. Mstari huo ni wa uongo, ingawa si uzembe wa mchoraji. Kila mchoraji hulazimika kuuweka mahali fulani, kwa kuwa wino haujui kusogea. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwa ziwa la namna hii ramani iliyopitwa na wakati ina kazi ambayo ramani mpya haiiwezi. Zile zilizochorwa kabla ya mwaka 1930, Lufira ukiwa bado mto, ndizo zinazoeleza kilichomo chini ya maji. Na anayesimamia ziwa asilolijua chini yake anasimamia kwa kubahatisha.

Siri ya ziwa hili ni uchache wa kina chake. Takwimu zinazotajwa mara nyingi hulipa eneo la kilomita za mraba 410 hivi na kina cha wastani cha mita 2.6. Zidisha, utapata maji ya kilomita moja ya ujazo na ziada kidogo. Linganisha na Kariba, bwawa kubwa la mto Zambezi, ambalo kina chake cha wastani kinakaribia mita 30. Katika Lufira mtu mrefu akisimama mahali pa kina cha wastani na kunyoosha mkono juu, vidole vyake hukosa kidogo tu kutokeza. Sasa ongeza majira. Mvua za Katanga hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo hufuata nusu mwaka ambayo mbingu hufunga kabisa, nyasi hukauka, moto hupita porini, na jua hunywa maji ya ziwa huku mitambo nayo ikiyanywa. Katika nchi za joto ziwa lililo wazi hupoteza kwa mvuke zaidi ya mita moja kwa mwaka. Kwa Kariba hiyo ni tone. Kwa ziwa lenye kina cha wastani cha mita 2.6 ni sehemu kubwa ya mwili wake. Na kwa kuwa uwanda wenyewe ni tambarare, kushuka kwa maji hakuonekani kwa urefu bali kwa upana: pale ambapo ardhi inapanda mita moja kwa kila kilomita, maji yakishuka mita moja, ufuko unarudi nyuma kilomita nzima. Ndiyo maana vitabu havikubaliani kuhusu ukubwa wa ziwa. Vingine huandika kilomita za mraba 360 na kidogo, vingine hupita 440. Pengine hakuna aliyekosea. Kila mmoja ameandika ziwa la siku aliyolipima.

Kwa nini basi bwawa la umeme lijengwe mahali ambapo maji hayana kina? Jibu liko kwenye umbo la nchi. Lufira hutoka kusini, karibu na mpaka wa Zambia, hupita polepole katika uwanda mpana, kisha ghafla hufika ukingoni na kuanguka. Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui, ndiye ambaye maporomoko hayo yalibandikwa jina lake kwenye ramani za Wazungu: Chutes Cornet. Baadaye kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, ilifika mahali ambapo makaa ya mawe hayakutosha tena. Kusafisha shaba kwa njia ya umeme, kama ilivyoanza kufanywa Shituru, Likasi, mwaka 1929, kunakula umeme kwa wingi na bila kupumzika. Maporomoko yalikuwa tayari yanatoa mwanguko wa zaidi ya mita 100. Wahandisi hawakuhitaji ukuta mrefu wa kuyainua maji, walihitaji kizuizi kifupi tu juu ya maporomoko, cha kuyaweka akiba wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Kizuizi kifupi kwenye uwanda tambarare huzaa ziwa pana lisilo na kina. Mwaka 1930 kituo kilianza kazi kwa jina la Francqui. Karibu mwaka 1950 kikafuata cha pili chini yake, Koni, kilichoitwa Bia. Na kwenye Lualaba, katika miaka hiyohiyo ya 1950, Nzilo ikaitwa Delcommune na Nseke ikaitwa Le Marinel. Yaani ukisoma ramani ya umeme ya Katanga ya wakati ule, unasoma orodha ya wakuu wa misafara iliyotumwa kuitwaa nchi kati ya 1890 na 1893. Maji yenyewe yalifanywa kumbukumbu yao.

Ramani za nchi hiyo zilianza kabla ya bwawa, na zilikuwa na mwenyewe. Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900 kugawa ardhi na migodi ya jimbo, kilihitaji kujua kinachogawa. Kati ya 1911 na 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji iliupima mpaka wa kusini, na upimaji wa pembetatu ukaenea ndani ya nchi kutoka kilima hadi kilima. Kazi hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani ramani ya kale ni picha iliyokisiwa tu. Mpimaji hupima kwa makini umbali mmoja kwenye uwanda, kisha kwa chombo cha kupimia pembe hukitazama kilima cha mbali kutoka ncha zote mbili za umbali huo. Hesabu ya pembetatu humpa mahali pa kilima bila kukifikia. Kutoka kilima hicho hutazama kingine, na pembetatu huzaa pembetatu. Baada ya mifupa hiyo kusimama, wapimaji wengine hujaza nyama: mito, njia, vijiji, mabwawa ya matope, miinuko. Idara ya jiografia na jiolojia ya Comité, iliyoongozwa na Maurice Robert, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchapisha Atlas du Katanga, na karatasi zake za skeli ya 1:200,000 ndizo zilizoipa Katanga sura ya kwanza iliyopimwa kwa utaratibu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja picha za angani, na mwaka 1949 ikaundwa taasisi ya jiografia ya koloni, ambayo leo ni Institut Géographique du Congo yenye makao Kinshasa.

Ramani ya topografia hutofautiana na ile ya ukutani shuleni kwa jambo moja kubwa: huandika urefu wa nchi. Mstari wa kontua huunganisha sehemu zote zilizo na mwinuko uleule kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kuuelewa bila mwalimu, fikiria ziwa likijaa: kila ufuko ambao maji yangeuchora yakitulia ni kontua moja. Kwa hiyo ramani ya bonde iliyochorwa kabla ya bwawa ina ndani yake, kama mtoto tumboni, maziwa yote yanayoweza kuzaliwa hapo. Mhandisi wa bwawa alichofanya ni kuchagua mojawapo. Mwenye ramani hiyo leo anaweza kuuliza maswali ambayo doa la buluu haliyajibu: mkondo wa zamani wa Lufira ulipita wapi chini ya maji haya, wapi palikuwa na matope tangu zamani na wapi palikuwa shamba, njia ya kwenda upande wa pili ilivukia wapi, na maji yakishuka nusu mita ni upande gani utakaotokeza kwanza.

Wamarekani walifika katika somo hili mapema, katika nchi iliyo kavu kuliko Katanga. Bwawa la Hoover lilipoziba mto Colorado mwaka 1935, mahali ambapo pande zote ni jangwa, bonde lilikuwa limepimwa kabla maji hayajapanda. Miaka zaidi ya kumi baadaye, 1948 na 1949, wataalamu walirudi wakapima sakafu ya ziwa lililozaliwa na bwawa hilo, Mead, wakailinganisha na ramani ya 1935. Tofauti kati ya ramani hizo mbili ilikuwa tope: katika miaka 14 mto ulikuwa umeleta mashapo yaliyokula takribani asilimia 5 ya uwezo wa ziwa. Hakuna mtambo uliogundua hilo peke yake. Lilipatikana kwa kutoa hesabu ya kawaida, mwinuko wa leo toa mwinuko wa jana, na jana ilikuwapo kwa sababu mtu aliihifadhi kwenye karatasi. Ziwa hilohilo limekuwa likishuka tangu mwaka 2000, na mji mdogo wa St. Thomas, uliomezwa mwaka 1938, umetokeza tena misingi yake ya nyumba. Waliotaka kujua barabara gani ilikuwa ipi walikwenda kwenye ramani za kale. Huko Marekani zaidi ya karatasi 170,000 za topografia, za tangu mwaka 1884, zimepigwa picha na kuwekwa wazi bure kwa yeyote anayezitaka. Mtoto wa shule wa Nevada anaweza kuliona bonde la babu yake kabla ya maji. Mtoto wa Kapolowe hawezi, na ni vigumu kuona kwa nini haki hiyo iwe ya mmoja na si ya mwingine.

Kwa Lufira jambo la mashapo ni zito kuliko Colorado, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu tu. Ziwa lenye kina kirefu linaweza kuvumilia tope kwa vizazi. Hapa, tukichukua mfano wa kufikirika wa sentimita 30 za tope zilizotandazwa sakafuni kote, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ziwa imekwisha. Sababu ya pili haimo katika wingi wa tope, imo katika asili yake. Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Maji yanayotoka upande wa viwanda vya Shituru na Panda huteremka kwa vijito hadi Lufira na ziwani. Watafiti wameshapima metali katika maji, matope na samaki wa bonde hili, na mwaka 2009 wanasayansi wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kuwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Sasa swali la mvuvi na mlaji wa samaki ni hili: metali hizo zimelala wapi? Maji hufuata mkondo, na tope hufuata maji. Kijito kilichoingia mtoni kabla ya 1930 kilikuwa na mdomo wake na kingo zake. Ziwa lilipokuja, mdomo huo ulirudi nyuma, na tope likaanza kutua pale ambapo mwendo wa maji ulikatika. Anayechukua sampuli za tope bila kujua mkondo wa zamani anaweza kuzama juu ya shamba la kale lenye mashapo haba, akarudi Lubumbashi na habari njema zisizo za kweli. Ramani ya kale humwambia wapi pa kuchimba.

Atainuka mtu aseme: zama zetu ni za setilaiti, hizi karatasi za nini? Ni pingamizi zuri, na sehemu yake ni kweli. Picha za setilaiti zinaonyesha ufuko ukipanda na kushuka kwa ufasaha ambao hakuna mpimaji wa 1920 angeuota. Lakini hesabu miaka. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972. Ziwa la Mwadingusha lilikuwa tayari na umri wa miaka 42. Hakuna setilaiti hata moja iliyowahi kuliona bonde la Lufira likiwa kavu. Tena, vyombo vilivyopima miinuko ya dunia kutoka angani, kama ile safari ya chombo cha Marekani ya Februari 2000, vilipima uso wa kile vilichokikuta. Penye maji vilipima maji. Ukipakua data hiyo leo na kuitazama Tshangalele, utaona sahani iliyonyooka. Setilaiti ni shahidi hodari wa kila kitu isipokuwa kile kilichotokea kabla hajazaliwa, na kilichotokea kabla hajazaliwa ndicho hasa tunachokitafuta.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe, na sitaki kulipita haraka. Katika skeli ya 1:200,000, sentimita moja ya karatasi ni kilomita mbili za nchi; ziwa zima la kilomita za mraba 410 hukaa katika eneo lisilozidi kiganja cha mkono. Kontua za ramani za namna hiyo hupishana kwa makumi ya mita. Ziwa ambalo kina chake cha wastani ni mita 2.6 linaweza kuingia lote kati ya kontua mbili na lisiguse hata moja. Basi itakuwaje ramani hiyo itueleze sakafu ya ziwa? Kwa kontua zake, haitatueleza mengi, hilo tulikubali. Ila ramani iliyochapishwa ni ncha tu ya kazi. Chini yake kuna daftari za wapimaji, orodha za miinuko ya vituo, michoro ya skeli kubwa. Na hapa mantiki ya uhandisi inatusaidia: hakuna anayeamua kimo cha kizuizi, wala kuhesabu ni maji kiasi gani yatawekwa akiba, bila kuwa na mchoro wa bonde wenye kontua za karibu karibu. Bwawa lenyewe ni ushahidi kwamba bonde lilipimwa. Karatasi za aina hiyo ndizo zinazopaswa kutafutwa kwanza, katika makabati ya makampuni ya zamani na warithi wao, na katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, linalohifadhi nyaraka nyingi za ramani na picha za angani za Kongo. Hata ile ramani ndogo nayo bado inatoa kitu ambacho skeli haikiharibu: mpangilio. Mkondo ulikuwa mashariki au magharibi ya kijiji fulani, njia ilivuka juu au chini ya makutano ya vijito. Mambo hayo hayahitaji sentimita.

Kuna pia tahadhari ya ufundi ambayo wanaolaza ramani ya kale juu ya picha mpya husahau. Ramani za Katanga zilijengwa juu ya vipimo vyake vyenyewe. Mfumo uitwao Katanga 1955 bado umo katika orodha za programu za kuchora ramani hadi leo, na haulingani na ule unaotumiwa na simu ya mkononi. Anayezilaza bila kubadilisha mfumo ataona kijiji kimehama, kumbe kilichohama ni hesabu. Naliandika hili kwa sababu makosa madogo ya aina hii ndiyo yanayowapa watu sababu ya kusema ramani za kale ni takataka.

Halafu lipo pingamizi la moyo. Ramani hizi zilichorwa na watu waliokuja kuchukua shaba, kwa fedha za waliokuja kuchukua shaba. Zinaonyesha migodi kwa uangalifu mkubwa kuliko makaburi. Bonde la Lufira lilikuwa na historia nzito kabla ya Cornet: chumvi ya Mwashya iliyotafutwa kutoka mbali, Wasanga na Walamba waliokaa kando ya mto, na kaskazini kidogo Bunkeya, mji wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka nchi ya sasa ya Tanzania akawa mfalme wa Garenganze hadi alipouawa na watu wa msafara wa Stairs, mmoja wa ile iliyotumwa kuitwaa nchi, tarehe 20 Desemba 1891. Kiswahili kinachosemwa Likasi leo kina mizizi mingi, na mmoja wake ni njia zile za biashara kati ya Tabora na Katanga. Ramani iliyoweza kuandika Chutes Cornet juu ya maporomoko yenye jina la wenyeji inastahili kutiliwa shaka. Nakubali, na shaka hiyo iende nayo kila inapokwenda. Lakini shaka ni namna ya kusoma, haikatazi kusoma. Mpimaji aliyetaka kujua njia alilazimika kumuuliza mpagazi, na mpagazi alitaja majina. Yakaandikwa kwa tahajia ya Kifaransa iliyopinda, lakini yakaandikwa. Jina la kijito lililopotoshwa linaweza kunyooshwa na mzee anayelijua. Jina lisiloandikwa popote, la kijito kilichozama, linakufa na mtu wa mwisho aliyekivuka. Waliokivuka wakiwa watu wazima hawapo tena. Tangu 1930 umepita karibu muda wa karne.

Tena hapo pana mtego ambao msomaji wa ramani za Katanga anapaswa kuujua. Vijiji vingi vya nchi hii viliitwa kwa jina la mkuu wake, na mkuu alipohama, kwa sababu ya ardhi kuchoka, ugonjwa, kodi au amri ya serikali ya kusogea karibu na barabara, jina lilihama naye. Kwa hiyo kuliona jina lilelile katika ramani ya miaka ya 1920 na ya miaka ya 1950, kila moja mahali tofauti, hakuthibitishi kwamba mmoja wa wachoraji alikosea. Huenda zote mbili ni sahihi, na kilicho kati yake ni habari ya watu waliobeba vyungu vyao wakaondoka. Ramani moja haisemi hayo. Mbili zikiwekwa pamoja, husema.

Hili linafungua pingamizi la mwisho, lile linalonong'onezwa maofisini: ramani hizi zikirudi, zitaleta ugomvi. Maji yakishuka, ardhi yenye rutuba hutokeza pembezoni, na ardhi inayotokeza hugombewa. Familia moja itanyoosha kidole kwenye karatasi iseme hapa palikuwa petu. Hofu hiyo si ya bure. Ila tuulize ugomvi huo unaamuliwaje sasa, karatasi zikiwa mbali. Unaamuliwa kwa mwenye sauti kubwa, mwenye ndugu ofisini, au mwenye kampuni. Ukosefu wa ushahidi haujawahi kumsaidia mnyonge. Na ieleweke kwamba ramani ya 1:200,000 haitoi hati ya shamba. Unene wa mstari wake tu unafunika mita nyingi za ardhi. Inachoweza kuthibitisha ni kwamba palikuwa na watu, na kwamba ziwa halikutandazwa juu ya nchi tupu. Hilo kwa wengine litakuwa dogo. Kwa watu ambao bonde lao limeandikwa katika vitabu vya umeme kama ujazo wa maji na mwanguko wa mita, si dogo.

Maana ziwa linaendelea kutumika, na kwa nguvu mpya. Serikali ya Mobutu iliondoa jina la Francqui, kituo kikawa Mwadingusha, mikononi mwa shirika la umeme la taifa, SNEL. Mitambo ilichakaa kwa miongo. Mwaka 2021, baada ya matengenezo makubwa yaliyofadhiliwa na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula ulio karibu na Kolwezi, mitambo yote 6 ilirudi kwenye gridi ikiwa na uwezo wa megawati 78. Shaba iliyolizaa ziwa ndiyo iliyolifufua. Mitambo mizima inahitaji maji kila siku. Mvuvi anahitaji maji yasipungue wakati samaki wanapotaga kwenye majani ya kingo. Mkulima wa pembeni anahitaji kujua kama bustani yake ya Agosti itakuwa chini ya maji ifikapo Februari. Na sehemu ya bonde hili ni hifadhi ya viumbe iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1982. Wote hao wanagawana mita 2.6. Anayeamua lango lifunguliwe au lifungwe anaamua, kwa sentimita chache, ardhi ya maelfu ya watu, na anayeamua jambo kama hilo anapaswa kuwa na sakafu ya ziwa mbele yake mezani.

Kinachotakiwa si kigumu wala hakihitaji mabilioni. Karatasi za Atlas du Katanga zinazohusu Lufira, michoro ya bonde ya kabla ya 1930 na picha za angani za miaka ya 1950 zipigwe picha, nakala ziletwe Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Institut Géographique du Congo, na seti moja ibandikwe mahali pa wazi Kapolowe, ambapo mvuvi anaweza kusimama mbele yake akamwonyesha mwanawe mto. Kisha mashua iwekewe kipima kina, ikavuke ziwa mwishoni mwa masika maji yakiwa juu, ili tuwe na ya leo ya kuilinganisha na ya jana. Na wewe msomaji wa Likasi au Lubumbashi, ambaye babu yako alifanya kazi Union Minière, kampuni ya umeme ya Sogefor au kwenye idara za upimaji: kabla hujafungia sanduku lake au kuwasha moto kwa karatasi zilizomo, zikunjue kwanza. Ukiona mistari ya hudhurungi iliyopindapinda na mto usio na ziwa, usiichome.